Mguu Usikiao

Nilipanda Newala mwezi wa Julai kwa minajili ya habari za salfa na mikorosho, na habari hizo nilizipata, nikaziandika, zikachapwa; lakini liko jambo moja dogo, lililotokea kabla jua halijachomoza kando ya kibanda cha fundi wa pikipiki, ambalo halikupata nafasi katika habari zile na ambalo tangu siku hiyo limekataa kunitoka moyoni. Niliuona mguu wa mtu mzima umewekwa juu ya kiki ya pikipiki iliyokufa betri, nao haupigi, hausukumi, bali umetulia tuli kama sikio lililotegwa penye mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kijana wa bodaboda aliyeahidi kunirudisha Masasi alfajiri ile alikuwa amekwisha kubonyeza selfu kupita kiasi. Mara ya kwanza injini iliguna, mara ya pili ikatoa mlio mdogo mkavu kama wa mjusi wa darini, kisha hata mlio huo ukakoma, na taa ndogo ya kijani inayoonyesha kuwa gia iko fri ikafifia mpaka ikazimika. Ndipo alipoigeukia kiki, akaipiga kwa ghadhabu, mara kumi na saba kwa hesabu yangu, jasho likimtiririka ilhali mimi nilikuwa nimejitanda shuka mabegani kwa baridi ya kipupwe ambayo jamaa zetu wa Mtwara mjini hawasadiki kuwa imo katika mkoa wao. Harufu ya petroli ilipozidi, mlango wa kibanda ulifunguka, akatoka mzee mwenye kikombe cha chai ya rangi mkononi, akichechemea kidogo mguu wa kulia, akasimama, akasema bila ya kupandisha sauti: "Mpwa wangu, unamgombeza huyo. Hagombezwi. Umemnywesha mafuta mpaka amepaliwa."

"Shikamoo mjomba," alisema kijana, akashuka.

"Marahaba. Zima swichi. Tunywe chai kwanza."

Katika nchi hii ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye amri na ndiye mwenye kufunza, na kwa muda wote niliokaa pale sikumsikia mtu yeyote akimwita fundi yule kwa jina jingine. Alifunga koki ya mafuta, akarudisha choki, akafungua resi yote mpaka mwisho, na swichi ikiwa bado imezimwa akaikanyaga kiki polepole mara sita au saba, apate kumtoa mafuta kifuani, kama alivyosema mwenyewe. Baada ya hayo akaiacha pikipiki ipumzike, naye akaketi juu ya kigogo, na chai ikanywewa mpaka ikaisha. Kijana alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na haraka, mzee hakuwa nayo. Alipoinuka alifungua koki, akawasha swichi, akauweka mguu.

Hapa naomba msomaji anistahamilie, kwa sababu jambo lenyewe halikuchukua hata dakika moja, nami nataka kulieleza kwa urefu. Kwanza aliushusha mguu kwa uzito mdogo sana, ule wa mtu anayejaribu kama daraja la miti litamhimili. Kiki ilishuka kidogo bila ya ubishi, ikashuka tena, kisha, kabla haijafika nusu ya njia yake, ikakataa. Kukataa huko hakuonekani kwa macho. Ilinibidi niutazame mguu, si chuma, nipate kujua kuwa kumetokea kitu, maana kifundo chake kilisimama na kidole gumba kikajikunja ndani ya kiatu cha turubai. Macho yake yalikuwa yameelekea upande wa bonde la Ruvuma, ambako ukungu ulikuwa haujainuka, lakini ilikuwa bayana kwamba hayakuwa yakitazama kitu. Akakaa hivyo. Kisha akaongeza uzito kama wa ratili moja, ukaidi ukalegea, kiki ikateleza upana wa vidole viwili. Hapo akaunyanyua mguu na kuiacha kiki ipande yenyewe mpaka juu, akajinyoosha akawa mrefu kuliko nilivyomdhania, akashuka. Sisemi kuwa alipiga teke, kwa kuwa hakupiga. Alishuka, mwili mzima, goti limekunjwa kidogo, kama mtu ashukaye gizani ngazi za nyumba aliyozaliwa. Injini ikawaka kwa mara hiyo moja.

Safari ya Masasi sikuiendea tena siku ile. Nilimlipa kijana nauli yake, nikaketi kwenye kigogo, nikauliza.

"Vijana wanaita kompresheni," alisema, "nami siwakatazi, ndilo jina lake vitabuni. Mimi naita pumzi, kwa sababu mjomba wangu aliita pumzi. Pistoni hupanda mara mbili katika mzunguko wake. Mara moja hupanda kutoa moshi, na hapo mlango wa moshi uko wazi, haina ubishi. Mara ya pili hupanda kubana hewa na mafuta, milango yote imefungwa, na hapo ndipo inapokukatalia. Sasa mtu asiyejua yuko wapi, akipiga tu, nguvu zake zote zinakwisha kwenye kubana. Anafika kwenye cheche amechoka, injini inamrudisha. Lakini ukiitafuta pumzi kwanza, ukaivuka kidogo, basi umejipa njia ndefu ya kukimbia kabla hujakutana nayo tena. Ni kama kuruka mtaro. Nani anaruka mtaro akiwa amesimama ukingoni?"

Mjomba wake, akaendelea, alikuwa karani wa chama cha ushirika huko Masasi, akimiliki Vespa, na kijana aliyeruhusiwa kuigusa Vespa ile alijiona amepewa hidaya. Skuta hizo, zilizoanza kuundwa Pontedera huko Italia mwaka 1946, zilikuwa aghalabu hazihitaji betri kabisa kwa kuwaka: cheche yake ilitoka katika sumaku zinazozunguka pamoja na gurudumu la injini, hata mtu akiizungusha kwa mguu huwa ameutengeneza umeme wake mwenyewe papo hapo. Karani yule hakumpa mpwa wake ufunguo. Alimpa siku saba.

"Siku saba bila ya ufunguo," alisema fundi, na sauti yake ililainika. "Peku. Alisema kiatu ni ukuta, mguu hausikii kupitia ukuta. Siku ya kwanza alifungua plagi, akaniambia nikanyage kiki. Ikashuka kama inaingia kwenye maji. Akasema, huyu hana pumzi, umemwachia mdomo wazi. Kisha akaniambia niweke dole gumba kwenye tundu la plagi, yeye akakanyaga. Pumzi ikanisukuma dole. Nilicheka, nilikuwa mtoto. Akasema, usicheke, likumbuke dole lako limesikia nini, maana kesho nataka mguu usikie vilevile. Akafunga plagi. Tangu hapo ilikuwa mguu tu: shusha, simama, niambie iko wapi. Nikikosea hanipigi, hasemi kitu, anaondoka anakwenda ofisini. Nashinda na aibu mpaka jioni. Siku ya nane ndiyo nilipewa ufunguo, na siku hiyo akasema vaa viatu."

Niliuliza kwa nini viatu, ilhali alikwisha kusema kuwa kiatu ni ukuta. Akapandisha suruali, akanionyesha kovu refu juu ya muundi. Cheche, alieleza, huja kitambo kidogo kabla pistoni haijafika kileleni. Injini ikiwa na kasi hilo ni jema, lakini mguu wa mvivu ukikanyaga kwa nusu moyo, moto huikuta pistoni ingali inapanda, ukaisukuma irudi ilikotoka, na kiki hupanda juu kwa nguvu ambayo mfupa hauiwezi. "Ndiyo maana nasema shuka na goti limekunjwa. Goti lililonyooka halina pa kukimbilia."

Wazee waliopata kuwa mataniboi wa malori wanaijua hatari hiyo kwa jina la hendeli, iliyovunja mikono ya watu wengi, na ndiyo iliyowafundisha kutozungusha dole gumba kwenye chuma, bali kuliweka upande mmoja na vidole vingine. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyebuni mota ya kuwashia iliyotiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na tangu hapo, hatua kwa hatua, kitufe kimekuwa kikichukua kazi ya mkono na ya mguu. Silaumu jambo hilo. Mama mjamzito anayepelekwa kituo cha afya saa nane ya usiku hana haja na ustadi wa mtu. Ana haja na injini inayowaka.

Lakini ni katika saa hiyo hiyo ya usiku ambapo betri hulala, na hapa mazungumzo yetu yalifika mahali ambapo mzee aliweka spana chini. Tangu serikali ilipotunga kanuni za kuihalalisha bodaboda kuwa chombo cha abiria mwaka 2010, vijana wamepanda na kushuka uwanda huu wa Makonde kwa pikipiki ambazo nyingi ni wajukuu wa Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyoigwa na viwanda vya China, na miongoni mwao, kwa maelezo ya fundi, yako makabila mawili ambayo kwa nje huwezi kuyatofautisha. Kabila la kwanza sidiai yake, kile kisanduku cha cheche, hunywa umeme kwa magneti moja kwa moja: betri ikifa, honi hunyamaza na indiketa haziwaki, lakini mguu ukijua kazi injini itawaka. Kabila la pili sidiai yake hunywa kwa betri. "Hiyo ikifa betri kabisa," alisema, "piga kiki mpaka adhana ya magharibi. Pumzi utaipata, mafuta utayapata, moto hakuna. Na hizi mpya zisizo na kabureta, zinazopuliza mafuta kwa pampu ya umeme, ndiyo zaidi. Bila ya umeme hata mafuta hayaji. Mteja ananiambia, mjomba, kiki si ipo? Nimwambie nini? Ipo, ndiyo."

Fauka ya hayo, wapo vijana walioing'oa kiki wakaiuza, au ilivunjika wasiirudishe, kwa kuwa selfu inatosha. Hao, wakipatwa, husukuma: gia ya pili au ya tatu, klachi imebanwa, wanakimbia nayo kuteremka, kisha wanaachia ghafla. Newala haikosi miteremko; mtu anaweza kusimama penye ukingo wa Shimo la Mungu akaona jinsi nchi inavyokatika chini ya miguu yake. "Mteremko unasaidia ukiwa juu," alisema fundi. "Betri huwa inafia chini."

Maneno hayo yalimkumbusha mama yake. Uwanda wa Makonde, kama ajuavyo kila mkaazi wake, hauna mito, na kabla ya mitambo ya kusukuma maji kuanza kazi katika miaka ya 1950 wanawake walishuka mabondeni na kuyapandisha maji kichwani. Na hata baada ya mitambo, kila ilipoharibika, njia zile za zamani zilipata nyayo mpya. Mama wa fundi alizipanda. "Alisema kupanda si miguu, ni goti. Ukiliharakisha goti, maji yanamwagika, umekwenda bure. Nikiwafundisha hawa vijana kiki naona nasema maneno yake."

Nikamuuliza juu ya goti lake mwenyewe, la kulia, lile la kiki, ambalo nilikuwa nimeliona tangu alfajiri. Alilitazama kama mtu anayetajiwa jina la jamaa aliyegombana naye. Akaniambia kuwa waganga wa hospitali ya Ndanda walipata kumwuliza swali hilo hilo. Sikupata kujua aliwajibu nini.

Anao wapwa wawili. Mmoja yuko Dar es Salaam, wa pili anaendesha bodaboda Masasi, chini ya majabali ya mji huo, na pikipiki yake ni ya kabila la pili. Alimpa zile siku saba? "Alikaa siku mbili," alisema. "Akaniambia, mjomba, ya kwangu haina haja. Na kweli haina." Nilitaka kuuliza zaidi, nikaona si adabu.

Alasiri aliniruhusu nijaribu, kwenye pikipiki kuukuu isiyo na ufunguo, nikavua viatu. Chuma kilikuwa baridi na chembamba kuliko nilivyotazamia. Nikashusha, kikashuka, nikashusha tena, kikakataa, au nilidhani kimekataa, kwa kuwa palikuwa na mtetemeko mdogo chini ya unyayo ambao sikuweza kujua ni wa injini au ni wa mshipa wangu mwenyewe. "Iko wapi?" aliuliza. Nikasema, hapa. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha injini, ingawa sijui kiganja kingemwambia nini, akanyamaza kidogo. "Hapo ni moshi," alisema. "Bado. Rudia."

Nilikuwa ninarudia alipofika mkulima mmoja na mashine ya kupulizia mgongoni, nguo zake na kope zake zimekuwa manjano kwa unga wa salfa, maana ugonjwa wa ubwiriunga haungoji na maua ya mikorosho yalikuwa yameanza kutoka. Mashine hizo hazina betri wala kitufe. Huwashwa kwa kuvuta kamba, na yake ilikuwa imegoma tangu asubuhi, naye ameivuta mpaka viganja vimemchubuka. Fundi aliishusha chini, akaifungua plagi, akaipangusa, akaifunga. Kisha akamrudishia mwenyewe ncha ya kamba.

"Usivute," alimwambia. "Ijongeze tu. Polepole. Uniambie inakukatalia wapi."