Kopo Linapohama Mkono

Muulize mtu mzima yeyote wa Mgogoni, kisiwani Pemba, namna ya kutawadha, naye atajibu kwa pumzi moja: viganja, mdomo, pua, uso, mikono, kichwa, masikio, miguu. Jibu ni sahihi. Kwa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili halitoshi, maana aliyetawadha tangu udogoni amekwisha kusahau mikono yake hufanya mambo mangapi baina ya neno moja na jingine.

Wataalamu wa uchambuzi wa tabia wameifanya kazi ya kuyafufua mambo hayo yaliyosahaulika. Taaluma yao ilipata jarida lake nchini Marekani mwaka 1968, na tangu hapo wamezoea kuuvunja ujuzi mmoja vipande vipande, kila kipande kikiwa kitendo kinachoonekana kwa macho na kuhesabika. Mwaka 1975 watafiti Horner na Keilitz walichapisha namna walivyowafundisha vijana wenye ulemavu wa akili kupiga mswaki kwa hatua 15. Mwaka 1978 Cuvo na wenzake wakaligawa somo la kusafisha choo katika vitendo 181. Idadi hiyo inachekesha, lakini anayecheka ajaribu kwanza kuandika kila anachofanya akifunga kamba za viatu.

Orodha hizo haziazimwi. Iliyoandikwa kwenye nyumba yenye sinki huanza na kufungua bomba. Penye ndoo na kopo, kazi ni nyingine kabisa. Ili kuosha mkono wa kulia, mtoto ashike kopo kwa mkono wa kushoto, amimine, aliweke chini, asugue hadi kiwikoni. Kisha kopo lihamie kulia, ndipo mkono wa kushoto uoshwe. Uhamisho huo hautajwi na mwalimu wa chuo cha Kurani wala mzazi, na hapo ndipo mtoto anaweza kukwama, akasimama na kopo lake huku watu wakidhani amesahau udhu. Miguu nayo ina mtego wake: kuinama, kumimina na kusugua kwa pamoja huku amesimama kwa mguu mmoja. Kumkalisha juu ya kibao kunaondoa tatizo zima, na hakuna kitu kinachopungua katika udhu wake.

Kwa hiyo mwalimu makini hakai mezani kuandika. Hutawadha mwenyewe polepole kwa kopo lile lile, mtu wa pili akiandika kila kitendo. Kisha humtazama mtoto na kuongeza hatua pale anapokwama tu. Mtoto mmoja atahitaji hatua 12, mwingine 30.

Fiqhi yenyewe inasaidia. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Zanzibar, kuosha kiungo mara moja ni fardhi na mara tatu ni sunna. Mtoto ambaye hajamudu kuhesabu aanze na mara moja. Tatu zitakuja baadaye, zikiwa somo la peke yake.

Tartibu, yaani kufuata mpangilio, nayo ni fardhi, na hili huwatia wasiwasi wazazi wanaposikia kwamba wataalamu hupenda kufundisha kuanzia mwisho. Lakini hakuna anayeosha miguu kabla ya uso. Mwalimu humsaidia mtoto hatua zote kwa utaratibu wake, kisha humwachia ya mwisho, mguu wa kushoto, aimalize mwenyewe, na papo hapo apate sifa na taulo. Akiimudu, anaachiwa na mguu wa kulia. Faida yake ni kwamba kila zoezi linaishia kwenye ushindi wa mtoto. Njia hii isichanganywe na desturi ya vyuoni ya kuhifadhisha Juzuu Amma kuanzia sura fupi za mwisho: huko ni kutoka jepesi kwenda zito, jambo jema lakini jingine.

Msaada nao hupunguzwa kwa ngazi: mkono juu ya mkono, kisha kugusa kiwiko, kisha kuonesha kwa kidole, kisha kunyamaza. Maneno ndiyo yenye ukaidi. Mtoto aliyezoea kuambiwa “haya, uso sasa” anaweza kuigeuza kauli hiyo kuwa hatua mojawapo ya udhu, akaingoja.

Taaluma hii ina doa. Ivar Lovaas wa Los Angeles, mmoja wa waasisi wa tiba ya usonji kwa njia hii, katika miaka ya 1960 alitumia makofi na hata mshtuko wa umeme, na watu wazima wenye usonji hawajaacha kulisema. Anayedhani fimbo itamfundisha mtoto kuhamisha kopo ameikosea hata hesabu: fimbo haimwoneshi hatua inayofuata.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilitambua elimu mjumuisho, na Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili, ZAPDD, ilikwishaundwa tangu 1999. Darasa kubwa, hata hivyo, halimpi mwalimu nafasi ya kuhesabu hatua za mtoto mmoja, hivyo kazi hii inarudi nyumbani, kwa mama, bibi au kaka mkubwa mwenye daftari na kalamu. Hatua aliyoifanya mtoto mwenyewe hutiwa alama ya vema, aliyosaidiwa, msalaba. Msalaba ukirudi hapo hapo siku kadhaa, hatua hiyo igawanywe tena. Na kama msikiti wanaosali una mabomba, mtoto apelekwe akajifunze huko pia, kwa orodha nyingine isiyo na kopo.