Kwa nini waya wa shaba hukakamaa ukipindwa?

Msikilizaji, tafuta kipande cha waya mnene wa shaba usiounganishwa na umeme. Upinde, kisha unyooshe. Pale ulipoupinda pamekuwa pagumu kuliko kwingine. Endelea kupinda na kunyoosha, mwishowe utakatika. Lakini waya uliokakamaa ukitiwa motoni hadi ukawa mwekundu, ukipoa huwa laini tena. Shaba ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wake wa ndani.

Ndani ya shaba, chembe ndogo mno ziitwazo atomi zimejipanga kwa safu, kama miche ya mpunga iliyopandwa kwa kamba. Eneo lenye safu za mwelekeo mmoja huitwa punje. Waya mmoja una punje nyingi mno, na kila moja imeelekea upande wake, kama mashamba jirani ambayo kila mwenyewe amelima matuta anavyotaka. Kati ya punje na punje kuna mpaka.

Safu hizo zina kasoro. Kuna mahali safu moja huishia katikati, nyingine zikaendelea. Mwaka 1934 wanasayansi watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza kuwa kasoro hizo ndizo zinazoiwezesha metali kupindika. Fikiria turubai kubwa lililotandazwa chini. Kulivuta lote kwa pamoja ni kazi nzito. Ukikunja kijikunjo upande mmoja na kukisukuma kwa mguu hadi upande wa pili, turubai husogea kidogo bila taabu. Kasoro nayo hupita katika safu za atomi kama kijikunjo hicho.

Ukipinda waya, kasoro huongezeka hadi zikazuiana njia. Ndiyo maana waya hukakamaa. Moto huzipunguza, waya ukalainika.

Basi, kuipa metali nguvu ni kuziwekea kasoro vizuizi. Mpaka wa punje ni kizuizi kizuri, hivyo punje zikiwa ndogo, mipaka huwa mingi na nguvu huongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, E. O. Hall na N. J. Petch walionyesha hivyo kwa vipimo vya chuma. Leo wataalamu hutengeneza metali zenye punje zisizozidi nanomita 100. Milimita moja ina nanomita milioni 1.

Lakini kuna gharama. Katika mipaka ya kawaida atomi zimevurugika. Vurugu hiyo huupunguzia umeme njia, na mara nyingi metali ya namna hii haivutiki sana kabla ya kukatika. Kwa waya wa umeme, hiyo ni hasara.

Hapo ndipo panapoingia mpaka pacha. Huu hupita ndani ya punje, na safu za upande mmoja ni kama sura ya zile za upande wa pili kwenye kioo. Atomi za mpakani hazivurugiki, zinalingana na pande zote mbili. Kasoro huzuiwa, lakini umeme hupita karibu kama kawaida.

Mwaka 2004, kikundi cha Lu Ke huko Shenyang, China, kilitengeneza shaba iliyojaa mipaka pacha. Nguvu yake ya kuhimili kuvutwa ilikuwa takriban mara 10 ya shaba ya kawaida yenye punje kubwa, na bado ilipitisha umeme kwa kiwango kinachokaribiana na shaba safi.

Je, kadiri mipaka inavyokaribiana ndivyo nguvu inavyozidi? Si wakati wote. Mwaka 2009 watafiti wa huko walionyesha kuwa nguvu hufikia kilele mipaka inapoachana kwa nanomita 15. Ikikaribiana zaidi ya hapo, shaba huanza kulainika, kwa sababu kasoro zilizokwisha kuwepo hupata njia rahisi ya kutembea.

Kwa hiyo, nguvu ya metali haitokani na kukosa kasoro. Inategemea kasoro zipi zimo ndani yake, ziko wapi, na kama zina nafasi ya kutembea.