Je, Wajua? Kidonge cha Kichefuchefu chenye Asili ya Bangi

Mgonjwa wa saratani aliyetundikiwa dripu ya tibakemikali anaweza kutapika hadi akachukia hata harufu ya uji. Mwaka 1985, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha vidonge vya dronabinol kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida za kuzuia kutapika zimeshindwa kuwasaidia. Ndani yake mna THC, kemikali ileile inayolevya kwenye bangi, ila hii hutengenezwa maabara na kuyeyushwa katika mafuta ya ufuta. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni ndio walioitenga THC kutoka kwenye bangi, nchini Israel, mwaka 1964. Ikifika kwenye ubongo hushika vipokezi viitwavyo CB1 na kutuliza sehemu inayochochea kutapika.

Dronabinol haitibu saratani, na anayemshawishi mgonjwa aache matibabu avute bangi anamhatarishia maisha. Hata kidonge chenyewe huleta usingizi, kizunguzungu, na kwa wengine mauzauza. Ndiyo maana madaktari huanza na dawa nyingine, kama ondansetron. Dronabinol hupimwa kwa miligramu, ikamezwa saa 1 hadi 3 kabla ya dripu.