Chuo cha Nelson Mandela cha Arusha kina maana gani kwa kijana wa Bujumbura?

Jina la Arusha likitajwa mjini Bujumbura, wengi hukumbuka Mkataba wa Amani na Maridhiano uliotiwa saini huko tarehe 28 Agosti 2000. Msuluhishi alikuwa Nelson Mandela, aliyepokea jukumu hilo baada ya Mwalimu Julius Nyerere kufariki dunia mwezi Oktoba 1999. Leo jina la Mandela linabebwa na chuo kikuu cha umma kilichopo Tengeru, nje kidogo ya jiji hilo, na Warundi ni miongoni mwa wanaolengwa na mafunzo yake.

Ni chuo cha namna gani?

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na ikazinduliwa rasmi mwaka uliofuata na Rais wa Tanzania wa wakati huo, Jakaya Kikwete. Imo katika mtandao wa taasisi zilizobuniwa ili Afrika izalishe wanasayansi wake yenyewe. Nyingine ipo Abuja, Nigeria.

Tofauti na vyuo vikuu vingi, hapo hakuna shahada ya kwanza. Wanaopokelewa ni wanaosomea shahada ya uzamili na ya uzamivu, katika fani kama vile sayansi ya viumbe, maji, nishati, mazingira na kompyuta.

Utafiti wake unamgusa nani?

Mfano ulio karibu ni maji. Katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru, maji ya ardhini yana madini mengi ya floridi, ambayo yakizidi hugeuza meno kuwa ya kahawia na kudhoofisha mifupa. Mhadhiri wa chuo hicho, Askwar Hilonga, alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na ambalo huweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika, inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza.

Burundi inahusikaje?

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwezi Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kuwa kanda nzima ni eneo moja la elimu ya juu, kwa lengo la kurahisisha kutambuliwa kwa vyeti na uhamaji wa wanafunzi. Katika chuo hicho kuna pia kituo cha teknolojia ya habari, CENIT@EA, kilichoanzishwa kwa msaada wa Ujerumani kwa ajili ya vijana wa nchi za Jumuiya. Wanafunzi wake hujifunza kuunda mifumo ya kompyuta inayowekwa ndani ya vifaa pamoja na programu za simu, na sehemu ya masomo hufanyika kwa vitendo makazini.

Kikwazo kiko wapi?

Kikwazo kikubwa ni lugha. Mwanafunzi wa Burundi huanza shule kwa Kirundi, kisha husoma sayansi kwa Kifaransa hadi Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964. Huko Tengeru, mihadhara na tasnifu ni kwa Kiingereza. Kijana aliyekulia Buyenzi, anakozungumza Kiswahili tangu utotoni, hatapata shida sokoni wala bwenini. Lakini Kiswahili hicho hakitamwandikia tasnifu.

Kwa hiyo, kwa mzazi mwenye mtoto anayependa hesabu, maandalizi hayaanzi siku ya kutuma maombi. Yanaanza mapema zaidi: shahada ya kwanza yenye alama nzuri, na Kiingereza kinachosomwa kwa bidii ileile inayowekwa katika fizikia. Bila hayo, mlango ulio wazi kwa mujibu wa mikataba unaweza kubaki umefungwa kwa kijana aliyesimama mbele yake.