Dau la Bahari na Dau la Kamari

Kiswahili kina neno moja linalomtosha mvuvi na mcheza kamari pia. Dau ni chombo cha baharini, na dau ni pesa anayoweka mtu akitarajia kushinda. Sijui aliyezikutanisha maana hizo, lakini kwa sisi tunaoishi kati ya Takaungu na Ngomeni, pwani ya Kenya, haziko mbali.

Mvuvi wa Mayungu akirudi na chombo kitupu siku tatu mfululizo, siku ya nne ataondoka tena kabla ya jua, na hakuna atakayemcheka. Mama karanga, wakaangaji wa samaki, wanaomngoja ufuoni na ndoo zao watasema tu kwamba riziki haikuwa ya leo. Alasiri mvuvi yuleyule akae chini ya mkwaju na simu mkononi, mkeka wake wa kubeti wa mechi kumi uchanike kwa bao la dakika ya tisini, kisha aanze kusuka mwingine, tutamwita mjinga au mwenye tamaa. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha nimeisikia hukumu hiyo mara nyingi, tena kutoka kwa wake na wazazi wenye haki ya kukasirika. Lakini haielezi kitu. Kinachomrudisha mtu huyu baharini na kinachomrudisha kwenye mkeka ni kimoja.

Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani, Charles Ferster na B. F. Skinner, walichapisha matokeo ya miaka mingi ya majaribio, mengi yakiwa ya njiwa. Njiwa alidonoa kidude ukutani, akapata punje. Alipolipwa kila anapodonoa kisha punje zikakatwa, hakukawia kuacha. Lakini alipolipwa bila mpango, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya mia moja, alidonoa kwa kasi bila kupumzika, na punje zilipokatwa kabisa aliendelea kwa muda mrefu. Mantiki yake si ngumu. Aliyezoea mshahara wa kila mwezi, mwezi mmoja ukipita bila malipo anajua mambo yameharibika. Aliyezoea kulipwa ovyoovyo hawezi kujua kama malipo yamekoma au yamechelewa tu.

Bahari humlipa mvuvi ovyoovyo hivyo, na uvumilivu huo ndio uliolisha pwani hii karne na karne. Kijiji ambacho watu wake wangekata tamaa baada ya siku tatu kisingekuwepo leo.

Ndani ya ubongo jambo hili lina alama yake. Mtafiti Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za nyani zinazotoa dopamini, kemikali ambayo wengi huiita ya raha. Waliona kwamba seli hizo haziitikii tuzo lenyewe sana. Zinaitikia tuzo lisilotarajiwa. Mwaka 2003 walionyesha pia kwamba wakati wa kungoja, msisimko wa seli hizo hupanda zaidi pale uwezekano wa kupata ni nusu kwa nusu. Mvuvi analijua hilo bila maabara: mshipi unapovuta, kabla hajajua kama ni nguru au ni mwani, hapo ndipo moyo unapodunda. Mcheza kamari ananunua dakika hizo za mshipi unaovuta. Ndiyo maana wapo wanaoshinda jioni na kabla ya kulala wameshaziweka zote tena.

Sasa tuangalie mahali ambapo madau haya mawili yanaachana.

Nguru akikatika karibu na chombo, mvuvi amepoteza samaki lakini amepata habari: nguru wapo hapa, ndoana ni ndogo, kesho nije na waya. Kukosa kidogo baharini ni somo la kweli. Kwenye mashine ya kamari si habari yoyote. Alama mbili zikilingana na ya tatu ikapita kidogo, mzunguko unaofuata uko palepale. Lakini ubongo hautofautishi. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwapima watu wakicheza mchezo wa aina hiyo, wakaona kwamba kukosa kidogo kuliamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na kushinda, na kuliwaongezea hamu ya kuendelea. Kijana anayekueleza kwa fahari kwamba alipata mechi kumi na sita kati ya kumi na saba anasikia moyoni kama mtu aliyemwona nguru.

Vivyo hivyo kwa dalili. Nahodha anajua bamvua na maji mafu, anajua kusi ikianza chombo kipandishwe ufuoni, na ndege wakikusanyika mahali anajua chini kuna nini. Pale ujuzi unapoishia, binadamu hutafuta cha kushika. Bronislaw Malinowski, aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, aliandika kwamba wakivua ndani ya wangwa, kwenye usalama na mavuno ya uhakika, hawakutumia uganga. Wakitoka bahari kuu walikuwa na matambiko mengi. Mwaka 1975 mtafiti Ellen Langer alionyesha jambo linalofanana katika ofisi za Marekani: waliojichagulia wenyewe tiketi ya bahati nasibu walidai bei kubwa zaidi ya kuiuza kuliko waliopewa tu, ingawa tiketi zote zilikuwa na bahati ileile.

Mchezo wa ndege, ule unaoitwa Aviator, umejengwa juu ya udhaifu huo. Ndege inapaa, malipo yanapanda nayo, na mchezaji anatakiwa kutoa pesa kabla haijatoweka. Juu ya skrini kumepangwa matokeo ya safari zilizopita, na vijana huyasoma kama nahodha anavyosoma mawingu: zimeshakuwa fupi tano, sasa inakuja ndefu. Lakini kila safari imeamuliwa peke yake. Tarehe 18 Agosti 1913 katika kasino ya Monte Carlo gurudumu la ruleti lilitoa rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walipoteza mali nyingi wakiweka kwenye nyekundu kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Gurudumu halina kumbukumbu.

Anayebeti mpira atanijibu kwamba yeye habahatishi, anazijua timu. Ni kweli anazijua. Ila ujuzi huo huo anao aliyepanga viwango vya malipo, tena ana kompyuta, na ameshakata sehemu yake kabla mchezo haujaanza. Tuseme unasuka mkeka wa mechi kumi, na kila moja una hakika nayo kwa asilimia 70. Uwezekano wa zote kumi kutimia ni karibu asilimia 3. Tuseme pia kampuni inakata asilimia 6 tu kwa kila mechi. Katika mkeka wa kumi makato hayo yanazidishana, na shilingi 100 zako zinanunua kitu chenye thamani ya shilingi 54 hivi. Jakpoti ya mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu, ina njia 129,140,163 za kujazwa. Moja ndiyo sahihi.

Hesabu hizi nimewahi kuwafanyia watu wazima wenye akili zao, wakazielewa, na wiki iliyofuata wakabeti. Nilichelewa kuelewa kwamba wengi hawakubeti kwa kuwa wameikosea hesabu.

Mtafiti Sylvan Herskowitz aliwachunguza wanaume wanaobeti jijini Kampala. Aligundua kwamba wengi walikuwa wakitafuta pesa ya mkupuo kwa ajili ya kitu kikubwa ambacho hawakuona njia ya kukiwekea akiba. Baadhi yao akawapa kibubu cha mbao. Waliopewa kibubu hamu yao ya tiketi za kubeti ilipungua.

Hali hiyo iko mlangoni petu. Kaskazi wageni wanajaa Watamu na Malindi, bahari imetulia, shilingi inaonekana. Kusi ikivuma, hoteli zinapunguza watu na vyombo vinalala. Pesa inaingia kwa siku na kuondoka kwa siku, ilhali mashine ya boti, mabati na mahari havinunuliwi kwa siku. Kwa mwenye shilingi 100 isiyoweza kulala ndani ya nyumba bila kuombwa na mtu, mkeka unaonekana kama mlango pekee ambapo kidogo huingia na kingi huweza kutoka. Ni mlango mbovu, lakini anayeuendea ana hoja.

Kamari yenyewe si ngeni. Pata potea ilikula nauli za watu tangu zamani, na Malindi ya Waitaliano, waliozidi kuja tangu mradi wa roketi wa San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, ilikuwa na kasino yake barabara ya Lamu. Ila kasino ina mlango na mlinzi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kisha kampuni za kubeti zikaingia ndani ya simu katika mwongo uliofuata, mlango uliondoka. Serikali imekuwa ikijaribu kuurudisha. Mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo rais alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 1966.

Kwa aliyezama, sheria pekee haitoshi. Tangu 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani unauweka utegemezi wa kamari katika kundi moja na wa pombe na dawa za kulevya. Dalili zake zinajulikana: kuongeza dau ili kurudisha hasara, kuficha, kukopa, kuuza vitu vya nyumbani. Mtu huyo anahitaji mshauri, na anahitaji mtu wa kumshikia pesa huku akitibiwa. Kumlipia madeni kimyakimya ni kumtia chambo.

Lakini kwa wengi ambao hawajafika huko, kipimo wanacho wenyewe. Mvuvi hodari hajihesabu kwa siku moja, anajihesabu kwa msimu. Kaskazi ikiisha anajua amevua nini, tajiri mwenye chombo amechukua ngapi, nyavu zimekula ngapi, na kilichobaki. Nawaomba wanaobeti wafanye hivyo hivyo. Simu imeshakuandikia: omba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, jumlisha zote ulizotuma kwa kampuni za kubeti, kisha jumlisha zote zilizorudi. Kaa na namba hizo mbili, na mwenzi wako akiwepo kama unaweza. Halafu nenda kwa fundi seremala akutengenezee kibubu kisicho na mlango, na uandike juu yake kwa kalamu kile ulichokuwa ukikitafuta kwenye mkeka.