Tatizo la Ulinganifu wa Anwani katika Utengaji wa Kumbukumbu ya Kompyuta: Dhana na Istilahi

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi inayozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Istilahi zilizohitajika kwa kazi hiyo zilikuwa hasa zile zinazoonekana kwenye skrini. Kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa kwa programu nyingine zote, hakionekani na mtumiaji, na dhana zake bado hazijaelezwa vya kutosha katika lugha yetu. Makala haya yanakusudia kufafanua dhana mojawapo, yaani ulinganifu wa anwani, na kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi unaweza kusaidia au kupotosha uelewa wake.

2.0 Dhana ya Ulinganifu

Kila baiti ya kumbukumbu ina anwani, nayo ni namba inayohesabiwa kuanzia sifuri. Anwani husemwa kuwa imelingana na mpaka wa baiti n iwapo inagawanyika kwa n bila baki. Hivyo, 8,192 imelingana na mpaka wa baiti 4,096, lakini 6,000 haikulingana nao.

Kiini hakitoi kumbukumbu baiti moja moja, bali kwa kurasa. Katika kompyuta nyingi ukurasa una baiti 4,096, na kila ukurasa huanza kwenye anwani iliyolingana na ukubwa huo. Aidha, kurasa hukusanywa katika mafungu kwa mbinu ya mapacha iliyoelezwa na Kenneth Knowlton mwaka 1965. Ukubwa wa kila fungu ni kipeo cha 2, na kila fungu huanza kwenye mpaka wa ukubwa wake lenyewe. Kwa sababu hiyo, anwani ya pacha wa fungu hupatikana kwa kugeuza biti moja tu. Ulinganifu ukivunjika, hesabu hiyo humwelekeza mgawaji kwa fungu lisilo pacha.

3.0 Matatizo ya Utengaji

3.1 Ukadirishaji wa mipaka

Tuchukulie kwamba kifaa fulani kinahitaji kutengewa baiti 10,000 kuanzia anwani 6,000 hadi 15,999. Eneo hilo linagusa kurasa tatu, zinazoanza 4,096, 8,192 na 12,288. Mwandishi wa programu ana njia mbili. Akisogeza mipaka nje, atatenga kurasa zote tatu, yaani baiti 12,288, na baiti 2,288 zitapotea bila kazi. Akisogeza mipaka ndani, ni ukurasa wa kati pekee utakaolindwa. Baiti 5,904 za kifaa zitabaki katika kurasa zinazohesabiwa kuwa huru, na programu nyingine itapewa mahali ambapo kifaa kinaandika.

Kanuni inayotokana na mfano huu ni hii: eneo linalotengwa hukadirishwa kwenda nje, eneo linaloachwa huru hukadirishwa kwenda ndani. Hasara ya njia ya kwanza ni ndogo na hujulikana mapema. Hasara ya njia ya pili hujitokeza baadaye, mahali pasipo na uhusiano wowote na kosa lenyewe.

3.2 Ulinganifu unaodhaniwa

Tatizo jingine ni kutegemea ulinganifu usioahidiwa. Katika kiini cha Linux, kwa miaka mingi kipande cha baiti 512 kwa kawaida kilianza kwenye anwani inayogawanyika kwa 512, ingawa hapakuwa na ahadi rasmi. Zana za kutafutia makosa zilipowashwa, baiti za ukaguzi ziliongezwa na mwanzo wa kipande ukasogea. Mifumo ya mafaili, XFS ikiwamo, ikakumbwa na matatizo. Toleo la 5.4 la mwaka 2019 liliifanya desturi hiyo kuwa ahadi kwa vipande vyote ambavyo ukubwa wake ni kipeo cha 2.

Kinyume chake, utengaji wa maeneo makubwa yanayofululiza, ulioingizwa katika toleo la 3.5 la mwaka 2012, hukagua kwanza. Eneo lisilolingana na mpaka wa fungu linalotakiwa, ambao katika mipangilio mingi ulikuwa megabaiti 4, hukataliwa wakati kompyuta inapowaka. Kukataa mapema ni nafuu kuliko kuharibu data kimyakimya.

4.0 Suala la Istilahi

Neno linalokuja haraka kwa tendo hili ni kuhifadhi. Kwa msemaji wa Busawe, mkoani Mara, neno hilo lina mantiki kamili. Katika wilaya zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, hifadhi ni eneo lenye mipaka ambalo jirani haruhusiwi kulima wala kuchungia. Hiyo ndiyo maana hasa tunayoihitaji. Hata hivyo, katika programu za Kiswahili kuhifadhi kumekwisha kuwa na maana ya kuweka kazi kwenye diski. Mwanafunzi atakayesoma "kuhifadhi kumbukumbu" atadhani data inanakiliwa, ilhali kinachofanyika ni kuzuia nafasi tupu isigawiwe wengine. Kwa hiyo tunapendekeza kutenga.

Hali kadhalika, mpangilio ni neno pana mno, na uwiano huashiria nisbati kati ya vitu viwili. Kulingana na mpaka hutaja mambo mawili ambayo dhana hii haiwezi kukosa: anwani na mpaka wenyewe.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba tatizo la ulinganifu ni tatizo la mipaka: nani anaichora, inasogezwa upande gani, na nani amearifiwa. Istilahi inayoficha mpaka humficha mwanafunzi mahali kosa linapozaliwa. Ni matumaini yetu kwamba wanaisimu na wataalamu wa kompyuta watayajadili mapendekezo haya kwa pamoja kabla istilahi zisizofaa hazijazoeleka.