Uzuri wa Mkakasi Usitupoteze Barabarani

Katika njia panda ya Mingoyo, pale barabara itokayo Lindi inapogawanyika, moja ikishika njia ya Mtwara na nyingine ya Masasi, mtu akikaa barazani kwa saa moja huona karibu kila namna ya gurudumu. Hupita malori ya korosho na ufuta, mabasi ya Dar es Salaam, bodaboda na magari ya Serikali. Na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kuja Kusini imekuwa nyepesi hata kwa magari madogo ya spoti, yaliyo chini chini, yenye mngurumo mkubwa na rimu zing'aazo mithili ya sinia la harusi.

Juu ya rimu hizo ndipo tunapokusudia kusema leo. Msomaji asidhani kwamba ni jambo dogo la vijana. Gari lote, pamoja na roho zilizomo, husimama juu ya rimu nne tu.

Baada ya mauzo ya ufuta, mpwa wangu alinijia jioni. Anayo Toyota Altezza, gari la milango minne lenye tabia ya spoti, lililoundwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005, na linalopendwa sana na vijana wetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Njema, mjomba. Nimekuja kuomba uniongezee fedha kidogo. Nimeona rimu za inchi 19. Nikizifunga, gari litakuwa gari."

Nilimwuliza zina tundu ngapi. Akajibu, tano. Nikamwuliza duara la tundu hizo lina upana gani. Akanyamaza. Nikamwuliza uzito ambao kila rimu inaweza kubeba. Akatazama chini. Kijana aliyepima ufuta wake kwa makini asipunjwe hata kilo moja, alikuwa tayari kununua kitu cha kubeba uhai wake bila ya kipimo chochote.

Wala halikuwa kosa la kwanza. Aliwahi kununua rimu mbili zilizokwisha tumika, zimepakwa rangi zikapendeza. Usiku mmoja, akimrudisha mama yake, ambaye ni dada yangu, kutoka hospitali, gurudumu la mbele liliishiwa upepo ghafla na gari likatoka barabarani. Mwenyezi Mungu aliwanusuru. Kulipokucha, fundi alikwangua rangi akakuta ufa wa zamani uliochomelewa. Mwuzaji simtaji, kwa kuwa wa namna yake ni wengi. Wazee wetu walikwisha sema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Yafaa tujikumbushe kwa nini rimu za aloi ziliundwa. Aloi hiyo ni alumini, jamaa ya sufuria zetu za jikoni, iliyochanganywa na madini mengine kama silikoni ili ipate nguvu. Mwaka 1924 kampuni ya Bugatti ya Ufaransa iliingiza mashindanoni gari la Type 35 lenye magurudumu ya alumini. Shabaha ilikuwa wepesi. Gurudumu jepesi hufuata vizuri mabonde na vilima vya barabara, huitikia breki upesi, na hupunguza kazi ya springi na shokapu. Na sisi wa Afrika Mashariki tunakumbuka Datsun 240Z, gari la spoti lililoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 na 1973. Lilishinda kwa kustahimili matope, vumbi na mawe. Rimu kubwa ya bei rahisi mara nyingi huwa nzito kuliko ile iliyotoka na gari, na mwenye kuinunua hulipa fedha ili apoteze faida yenyewe.

Hebu basi tuweke vipimo mezani. Altezza ina stadi tano, na duara linalopita katikati ya stadi hizo lina upana wa milimita 114.3. Rimu ya tundu tano yenye duara la milimita 100 haiifai, na fundi anayejitolea kuitoboa upya akataliwe. Tundu la kati la rimu halina budi kukaa sawasawa juu ya habu, ambayo kwa gari hili ina milimita 60.1. Tundu likiwa kubwa zaidi, iwekwe ringi ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka. Nati nazo ziafikiane na rimu. Rimu nyingi za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati bapa zenye washa, ilhali nyingi za kununua madukani hutaka nati zenye ncha ya pia. Baada ya kufunga, nati zikazwe tena gari likishatembea kilomita 50 hadi 100.

Kisha tutazame ubavu wa tairi, ambao ndio mto wa kupokea kishindo. Tairi ya 205/55 ya inchi 16 ina ubavu wa milimita 113. Tairi ya 215/45 ya inchi 17 ina milimita 97. Lakini ya 235/35, inayovalishwa rimu ya inchi 19, imebakiwa na milimita 82 tu. Shimo lile lile litakalomezwa na tairi ya kwanza litaifikia rimu kwa tairi ya tatu. Na rimu ya chuma ikipigwa hujikunja, fundi akainyoosha kwa nyundo chini ya mwarobaini; ya aloi huweza kupasuka. Sisi tulioona Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kikikata barabara yetu kule Somanga, hatuhitaji kufundishwa kwamba lami ya leo yaweza kuwa korongo kesho.

Kwa ndugu zetu wa Mafia, Unguja na visiwa vingine, iko hatari ya pili, nayo ni chumvi. Rimu ikichubuka, hewa ya bahari huingia chini ya rangi na kuila alumini kimya kimya, hata upepo ukaanza kuvuja pale tairi inapokaa. Rimu zioshwe kwa maji baridi kila mara, na mchubuko uzibwe mapema.

Mnunuzi atafute pia herufi JWL zilizotiwa katika rimu yenyewe, ambazo ni alama ya kanuni za Japani za magurudumu ya aloi, pamoja na alama ya VIA ya ukaguzi, na tarakimu za uzito. Lakini kwa kuwa alama hughushiwa, rimu igeuzwe, ikwanguliwe, itazamwe mgongoni palipofichika.

Viongozi na watendaji wa Serikali nao wana sehemu yao. Ukaguzi wa magari uliowekwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 usiishie kwenye taa na stika. Mkaguzi apige magoti alitazame gurudumu. Rimu zilizochomelewa zisiachwe kuuzwa kama nzima. Na mashimo yazibwe kabla hayajawa makaburi, kwani mwananchi hawezi kulaumiwa peke yake kwa rimu iliyopasukia katika shimo la msimu uliopita.

Mpwa wangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi na futi ya kupimia. Tukakubaliana rimu za inchi 17, kipimo ambacho baadhi ya Altezza zilitoka nacho kiwandani, na fedha iliyosalia akanunua tairi mpya nne. Dada yangu ndiye aliyepanda wa kwanza.

Hatumkatazi kijana kupenda kizuri. Tunachosema ni kwamba fahari isiyo na mizani ni israfu, na barabarani israfu hulipwa kwa damu. Kila mwenye gari, mwenye duka na mwenye dhamana ya ukaguzi atimize wajibu wake.